Nusu Futi Iliyopotea Chumba Namba Saba

Omolo Osewe,
Chumba Namba 7,
Ploti ya Geti la Mabati,
Kianda, Kibera.
Jumatano, kabla ya kwenda kazini.

Kwa Mama Waithira,
Mwenye Ploti,
Riruta.

MINTARAFU: KUDAI KURUDISHIWA NUSU FUTI YA NYUMBA KABLA YA JUMAMOSI SAA NNE ASUBUHI

Mama Waithira mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe wako. Sisi huku hatujambo, ila tumebanwa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kitanda cha watoto, goti moja limegusa mlango na lingine limegusa jiko, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda usidhani nimekunywa kitu.

Mimi si mpangaji wa kelele. Kwa miaka tisa nimekaa katika ploti yako bila kufuga kuku, bila kuuza chang'aa, na bila kuanika nguo kwenye kamba ya jirani isipokuwa mara moja, na siku hiyo tulikuwa na msiba. Tena nyumba yako nimeitunza kuliko wewe mwenyewe. Kila Krismasi huongeza safu mpya ukutani. Nilianza na katoni za sabuni, nikaja na katoni za maziwa, nikapigilia gunia, kisha treyi za mayai pande zote mbili, kwa sababu jirani wa namba sita anakoroma na wa namba nane ana redio ya maombi. Juu ya hayo yote nikapiga plaiwudi, na Filister mke wangu akafunika kwa lesi nyeupe. Wageni wakija hudhani ni nyumba ya mawe. Sidai shukrani, nataja tu ili ujue ni mtu wa aina gani anayekuandikia.

Sasa nieleze lililotufika. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alipiga simu kutoka nyumbani Siaya, akasema Jumamosi hii saa nne atakuja Nairobi kutuona, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye. Filister, kwa furaha au kwa hofu, sijui, akamwambia, "Mama kuja tu, hii nyumba ni kubwa. Tuko na sitting room, bedroom yetu, na bedroom ya watoto." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikikata mboga ya sukuma. Nikageuka huku na huku nione hivyo vyumba. Lakini neno likishafika kwa mama mkwe halirudi, kwa hivyo ilibidi vyumba vitafutwe. Tukaamua kuvipata kwa njia ya vitanda: kitanda chetu kikae kona ya nyuma upande wa kushoto na pazia lake, kitanda cha watoto kona ya nyuma upande wa kulia na pazia lake, na mbele, penye mlango, pabaki sebule yenye viti viwili na meza. Mpango ulikuwa mzuri. Umeharibiwa na wewe, kwa sababu hizi:

1. Ulinipa kumi isiyo kumi.

Siku naingia uliniambia kwa kinywa chako kwamba chumba ni ten by ten, futi kumi kwa kumi. Sikupima. Hakuna mtu Kianda anayepima chumba. Ukiambiwa ten by ten unaitikia kama mtu anayeitikia amina. Hata mtoto mdogo ukimwuliza nyumba yao ni kubwa kiasi gani atasema ten by ten kabla hajakutajia jina la baba yake. Basi nilipokwenda kwa Urbanus, fundi wa vitanda kule Kawangware, akaniuliza vipimo vya nyumba, nilimwambia ten by ten. Naye hakuuliza mara ya pili. Aliandika kwenye kiganja chake kwa penseli, maana yeye mwenyewe anaishi kwenye ten by ten.

2. Vitanda tulivichagua kwa akili, si kwa pupa.

Unajua kazi yangu, Mama Waithira. Mimi hupiga pasi shuka kwa dobi mmoja kule Kilimani, shuka za nyumba za wageni. Kwa siku napitisha mikononi mwangu vitanda vya watu arobaini bila kulalia hata kimoja. Kwa hivyo mambo ya kitanda siambiwi na mtu. Mpaka wiki jana sisi wanne tulilala kitanda kimoja cha futi nne kwa sita, wawili kichwa huku, wawili kichwa kule, na binti yangu Celine amenipiga teke la kidevu kila usiku kwa miaka sita. Nilijua hasa tunachohitaji.

Kwa watoto tulichukua dabo deka. Ryan, ambaye ana miaka tisa, alitaka kitanda cha juu kipakwe kijani chenye mistari myeupe kama uwanja wa mpira. Celine alitaka cha chini kiwe cha waridi na nyota. Nilimwambia Urbanus aweke ubao wa kuzuia mtu kuanguka, na ngazi ya pembeni yenye vidaraja vipana, kwa sababu mtoto akiamka kwenda kukojoa hatazami miguu. Kwetu wakubwa tulichukua futi tano kwa sita, mbao ya mti wa saipras, na kichwa cha kitanda kilichojazwa sponji, kikavikwa velveti ya marun na vifungo. Mimi nilisema kichwa cha nini, sisi tuna vyetu. Urbanus akanitazama kwa huruma, akasema, "Bwana Omolo, kitanda bila kichwa hiyo ni benchi." Nikaongeza pesa ya kichwa.

3. Havikuingia.

Vililetwa kwa mkokoteni vikiwa vipande, ploti nzima ikatoka nje kutazama. Urbanus akaviunga ndani. Hesabu yake hii hapa, na ninaomba uipige mwenyewe: kitanda chetu kwa urefu, pamoja na kile kichwa cha velveti, ni futi sita na nusu. Dabo deka kwa upana, pamoja na ngazi, ni futi tatu na nusu. Jumla ni kumi. Chetu kikakaa vizuri kwenye kona yake. Dabo deka ikakataa. Tulisukuma, tukaomba, wa namba nane akaja na nyundo. Ikakataa. Ndipo Urbanus akatoa futi yake ya kupimia, akapima ukuta hadi ukuta mara tatu. Futi tisa na nusu! Nikamwambia vitanda vyako vimezidi. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona Mkamba amekasirika. Akasema, "Wewe uliniambia ten by ten, mimi nikatengeneza ya ten by ten. Hapa iliyokosea ni nyumba." Nimelifikiria neno hilo siku tano sasa, na naona ana haki.

Hivi sasa dabo deka imesimama palipokusudiwa kuwa sebule, na ngazi yake imekingama mlangoni. Mtu mwembamba anaingia kwa ubavu. Mtu mnene anasalimia kutoka nje. Mzee wa kanisa alikuja Jumapili kutuombea, na maombi aliyafanyia kwenye koridoo huku ameshika kidaraja cha tatu.

4. Mapambo yote yamekuwa bure.

Nilikuwa nimekipamba kitanda chetu kitaalamu. Shuka nyeupe niliikunja kona kama bahasha, nikaipiga pasi ikiwa juu ya godoro, jambo ambalo si kila mtu analiweza. Mito minne: miwili ya kulalia, miwili ya kutazama. Mguuni nikaweka kitambaa cha marun kinacholingana na kichwa. Katikati nikaweka bata wa taulo, yule mwenye shingo ndefu, kama ninavyoona wakifanya kwa wageni wa Kilimani. Filister aliporudi akasema, "Baba Ryan, hiyo ndiyo taulo ya kuoga. Sasa tutajipanguza na bata?" Tangu hapo tunajipanguza kwa kanga na bata anaheshimiwa. Lakini nani anamwona, Mama Waithira? Kitanda kimekabwa na dabo deka mpaka kukifikia lazima upande ngazi, upite kwenye uwanja wa mpira wa Ryan, ushuke upande wa pili. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na mbili.

5. Hapa ndipo panaponiuma.

Kwetu sisi Wajaluo, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Hilo halina shida, ana binamu Kawangware na atalala huko. Lakini pia kitanda cha mkwewe hakitazami, seuze kukikalia. Ndiyo maana tunahitaji pazia, na mbele ya pazia kiti. Sasa sebule hakuna, kiti hakina pa kuwekwa, na pa kukalia pekee palipobaki katika nyumba nzima ni kitanda changu. Nikimwambia karibu mama, ukae, nitakuwa namkaribisha juu ya aibu yangu mwenyewe, na bata wa taulo akiwa shahidi.

Juzi Filister alikuwa akichagua mchele nikaona machozi yanaanguka kwenye sinia. Aliniambia mama yake alipinga yeye kuolewa nami kwa sababu nilikuwa sina kitu, na kwa miaka yote hii amekuwa akimwambia kwa simu kwamba tunakaa vizuri. Anaogopa mama ataingia, atatazama mara moja, na atajua. Mimi nami naogopa hivyo hivyo, ila mwanamume hachagui mchele, kwa hivyo hana pa kulilia.

6. Nusu futi yangu nimeipata ilipo.

Nilijiuliza, kitu cha nusu futi, kirefu kama ukuta, kinapoteaje? Nikapiga hesabu. Vyumba vyako vimepangwa mstari mmoja, namba moja hadi kumi na mbili. Kila kimoja kikipungua nusu futi, jumla ni futi sita. Nikaenda mpaka mwisho wa mstari, kwenye namba kumi na tatu, anapochajia watu simu yule kijana Naftaly. Nikajifanya simu yangu imezima. Nikapima upana wa chumba chake kwa hatua. Futi sita kamili! Sisemi wewe ni mwizi, Mama Waithira, mimi ni mtu wa kanisa. Nasema tu kwamba Naftaly anakaa ndani yetu.

7. Hasara ya miaka tisa.

Nimelala na magoti yamekunjwa kwa miaka tisa, na nikipimwa leo nina hakika ni mfupi kuliko nilivyokuja. Ryan alishika namba thelathini na moja katika hesabu. Mwalimu anamwuliza kumi ni nini, na mtoto amekulia ndani ya kumi isiyo kumi, angejibu nini? Mimi na Filister nasi tumegombana kama watu wengine, na kila nilipotaka kurudi nyuma hatua moja nipoe, ukuta ulikuwa karibu kuliko inavyotakiwa. Mwaka jana timu yangu ilifungwa na nikaruka kwa uchungu nikagonga mkono ukutani. Hata hilo sasa naelewa lilikotoka.

Kwa hayo yote naomba mojawapo ya haya:

(a) Usukume ukuta wa kati yangu na namba nane kwa nusu futi. Wa namba nane naye asukume wa tisa, wa tisa asukume wa kumi, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili, na Naftaly asogee barabarani kidogo. Kazi ya siku mbili ikianza leo.

(b) Ikishindikana, nipewe nusu futi yangu ndani ya chumba cha Naftaly. Inatosha kiti kimoja, mtu akikaa kwa upande. Mama mkwe akae pale kuanzia saa nne hadi saa kumi, chai na kuku tutampelekea, na watoto watakwenda kumsalimia kwa zamu. Naftaly nimeshamdokezea. Alisema, "Omosh, uko sawa kweli? Enda ulale bana." Lakini kulala ndiko hasa ninakokulalamikia.

(c) Hilo nalo likishindikana, uje mwenyewe Jumamosi ukiwa umevaa vizuri, umweleze mama mkwe kwamba vile vyumba viwili vilivyopungua vipo, vimeagizwa, na kwamba aliyechelewesha ni wewe. Wewe ni mama mwenzake, atakuamini.

Nakuomba usiichukulie barua hii kama ugomvi. Namsalimu Baba Waithira na mguu wake, Waithira na mtihani wake, yule ng'ombe mwenye mabaka, na hata mbwa wako, ingawa mwaka jana alinirarua suruali nilipokuja kuuliza habari za maji. Filister anakusalimu. Watoto wanakusalimu kutoka juu.

Wako mwaminifu katika futi tisa na nusu,

Omolo Osewe
Mpangaji, na Katibu wa Kikundi cha Mazishi, Kianda

TANBIHI, Jumapili jioni.

Mama Waithira, barua hii nilimpa Urbanus ailete Riruta siku ile ile ya Jumatano, kumbe aliisahau ndani ya sanduku la misumari. Ameirudisha leo. Ningeichana, lakini nimeiandika kwa bidii na sina nakala. Kwa hivyo nakutumia, pamoja na nyongeza hii.

Nusu futi imepatikana. Ijumaa Filister alikuwa akipigilia msumari wa pazia. Msumari uliingia wote, ukapotea. Akapigilia wa pili, nao ukapotea. Akavuta lesi, akang'oa plaiwudi, akaniita, "Baba Ryan, na hii ni nini?" Zilikuwa ni zile Krismasi zangu tisa. Plaiwudi, treyi za mayai, gunia, katoni za maziwa, katoni za sabuni, inchi tatu upande huu na inchi tatu upande ule. Ndani tulikuta kijiko, kiatu cha Celine alichovaa akiwa na mwaka mmoja, na kitambulisho changu ambacho nilimshuku mtu wa namba sita kwa ajili yake. Tulipomaliza kubomoa tukamwita Urbanus, akapima tena. Futi kumi, Mama Waithira, na kidole kimoja juu. Ulinizidishia. Naomba radhi kwa kila neno, hasa lile la mbwa.

Dabo deka iliingia kwenye kona yake kwa kusukumwa mara moja. Mapazia yakakaa. Jumamosi saa nne mama mkwe aliingia kwa mlango unaofunguka wote, akakaa kwenye kiti, katika sebule. Alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akainuka, akafunua pazia la watoto, akatazama nyota na uwanja wa mpira kwa muda mrefu, akapitisha mkono kwenye shuka niliyoipiga pasi. La kwetu hakuligusa, alilitazama tu lilivyonyooka. Yule mama si kipofu. Aliona futi kumi ni futi kumi. Lakini alimgeukia Filister, akamwambia kwa Kijaluo kwamba amehesabu, na kweli ni vyumba vitatu. Filister alilia mbele ya watu. Mimi nilitoka nje kutazama kama mvua inakuja, na kulikuwa na jua kali.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa akisema kwamba amefurahi sana, na kwamba kwa vile nyumba ni ya vyumba vitatu, basi Aketch, dada mdogo wa Filister aliyepata nafasi ya kusomea ususi hapa Nairobi, hatakosa pa kulala. Alikuwa amemwacha kwa yule binamu Kawangware akisubiri neno. Saa kumi Aketch alifika kwa bodaboda, na sanduku, na godoro lake mwenyewe. Kozi ni ya miaka miwili.

Hivi sasa Aketch analala kwenye nyota na Celine, na sanduku lake na godoro vimejaza uwanja wa mpira. Ryan amehamia kwa mama yake, anasema velveti inamletea usingizi. Mimi ninalala sebuleni juu ya viti viwili, miguu mlangoni, na bata wa taulo ndiye mto wangu. Kwa ajili ya hayo, naomba ufute yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia namba moja hadi namba saba, pamoja na ombi la (a) na la (c).

Lile la (b), la nusu futi kwa Naftaly, liache. Najua si yangu. Naiomba tu.